Huruma kwa Mfuko wa Mwingine

Mtu akitoa franga zake mwenyewe akampa mwenye shida, hakuna amwulizaye neno. Lakini yule ashikaye funguo za nyumba isiyo yake, akamwachia mpangaji miezi miwili au mitatu bila kulipa, amefanya nini? Ametenda huruma, ama ameiba? Swali hilo hatukulitoa kitabuni. Lilitukuta hapa hapa Kasongo, likakaa nasi karibu mwaka mzima. Twataka kulieleza kama lilivyokuwa, pamoja na kosa tulilolitenda, maana bila kosa lile pengine tusingalilitambua swali lenyewe.

Baba yetu mkubwa alipofariki aliacha parseli moja, na ndani yake nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati juu, milango minne ya kupangisha, choo kimoja uani. Mjane wake, mama yetu mkubwa, alikwenda kukaa Kindu kwa ajili ya macho yake yaliyotaka mganga, na kwa ajili ya wajukuu wasomao huko. Siku ya kuondoka alitukabidhi funguo nne na daftari moja. Akasema, "Mwanangu, wewe umepita seminari, hutanila." Tukacheka, tukapokea.

Wasioijua kazi hiyo hudhani kwamba mwenye nyumba hulala na feza huingia. Si hivyo. Mchwa hawalali. Bati likitoboka, fundi ataka malipo yake, na misumari yataka kununuliwa. Choo cha watu kumi na wanne hujaa upesi kuliko cha watu watano. Saruji hutufikia kutoka mbali, na barabara zetu mwazijua. Mfuko ukifika Kasongo, bei yake imekwisha kupanda njiani mara mbili tatu. Tena kuna maneno: nani afagie ua, nani amwage maji machafu wapi, mtoto wa nani amechafua mahali pa kuanika nguo. Msimamizi asiyependa kusikia maneno hayo asishike funguo. Na juu ya hayo yote kuna tarehe tano ya mwezi, siku ya kubisha hodi.

Katika mlango wa kwanza alikaa mwalimu wa shule, mtu wa heshima, asemaye Kifaransa kizuri. Katika mlango wa pili alikaa mfanya biashara ya vikwembe, mwenye kelele nyingi lakini mwenye kulipa. Mlango wa tatu ulikuwa wa vijana wawili wa pikipiki za kubeba watu. Hao walilipa vipande vipande, leo franga elfu tano, kesho kutwa elfu mbili, hata ukurasa wao katika daftari ukawa kama ukuta uliochorwa mkaa na watoto. Mlango wa nne alikaa mama mmoja mshonaji, mwenye watoto watatu na cherehani moja ya kukanyaga. Mumewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu, naye alikuwa Salamabila.

Watu wa Kabambare hawana haja ya kuelezwa Salamabila ni nini. Wengine wajue kwamba pale Namoya dhahabu ilichimbwa tangu siku za Wabelgiji, kisha mgodi mkubwa wa mitambo ukaanza kutoa dhahabu ya biashara mwaka 2016, na kazi ile ikasimamishwa mwaka 2019, katika wakati wa machafuko na vikundi vyenye silaha. Mitambo ikisimama, watu wenye sururu na beseni hawasimami. Na dhahabu ina desturi moja mbaya kwa mwenye kupangisha: huja yote siku moja, ama haiji kabisa. Mchimbaji aweza kukaa miezi mitatu akila kwa deni la mkubwa wa shimo, yule wamwitaye PDG, na siku moja akapata ya kulipa nyumba ya mwaka mzima. Pengine siku ile haifiki. Nyumba hudai kwa mwezi, shimo hulipa kwa bahati, na mke wa mchimbaji hukaa katikati ya kalenda hizo mbili.

Miezi mitano ya kwanza mama yule alilipa vizuri. Mwezi wa sita akasema mume hajatuma. Wa saba vile vile. Wakati ule ule mwalimu wa shule naye akaacha kulipa, kwa sababu, alisema, mshahara wa Serikali umechelewa. Hilo sote twalijua kuwa jambo litokealo kweli, basi hatukuuliza zaidi. Hapa twaomba msomaji aangalie tulivyofanya, maana sisi wenyewe hatukuangalia. Kwa mwalimu tulibisha hodi, tukapewa kiti, tukazungumza habari za dunia, tukatoka bila feza na bila uchungu. Kwa mama mshonaji tulisimama mlangoni. Wote wawili walikuwa na deni sawasawa. Lakini mmoja alisema kama sisi, alikuwa amesoma kama sisi, na aibu yake ingalikuwa kama aibu yetu. Yule mwingine alikuwa mke wa mchimbaji tu.

Watu husema kuna wapangaji wa namna mbili, asiyeweza na asiyetaka. Wa kwanza ahurumiwe, wa pili afukuzwe. Ni maneno mazuri, shida ni kuwatambua. Asiyetaka hajiandiki usoni. Na katikati yao wamo wengi wa namna ya tatu: yule awezaye, ila amepeleka feza mahali pengine palipomwita kwa sauti kubwa zaidi, kwa mganga, kwa matanga, kwa karo ya mtoto. Je, huyo hakutaka? Alitaka mambo mawili, akawa na feza ya jambo moja.

Jumapili moja tulimwona mama yule amevaa kikwembe kipya, chenye rangi kali. Tukasema moyoni: kumbe feza iko. Hatukumwuliza. Jicho letu lilikuwa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu, na hukumu ikatoka kabla hatujafika nyumbani. Muda baadaye tulijua kwamba mwanamke mmoja aliyeshonewa gauni tatu hakuwa na feza ya kulipa, akampa kitambaa badala yake. Yaani mama mshonaji naye alikuwa na mdaiwa mgumu. Na wakati ule ule mwalimu, yule aliyechelewa mshahara, alikuwa amekwisha kununua kiwanja kando ya mji. Hilo nalo tulilijua baadaye. Jicho letu halikuona kiwanja, kwa kuwa kiwanja hakivaliwi Jumapili.

Mwezi wa nne wa deni ulipokwisha, tuliomba shauri kwa wenye nyumba wengine. Karibu wote walisema neno moja: toa mlango. Ndiyo desturi ya wengi. Mmoja hutoa mlango, mwingine hufungua mabati mawili juu ya kitanda, na mpangaji ataondoka bila maneno marefu. Walisema si jeuri, ni lugha tu ambayo kila mtu huielewa. Basi alasiri moja tulikwenda na fundi, akafungua bawaba, tukaubeba mlango hadi kwetu. Mama hakupiga kelele. Alisimama na mtoto mgongoni, akatazama, kisha akaingia ndani akatoka na kile kikwembe kipya akakitundika penye nafasi ya mlango.

Ilikuwa wakati wa mvua. Usiku ule ilinyesha, na usiku ule ule mwizi alipita. Alichukua sufuria mbili na gauni moja la mteja lililokwisha kushonwa. Cherehani ilikuwa nzito, akaiacha. Asubuhi shefu wa avenyu akatuita. Hakukasirika. Alituuliza swali moja tu: "Mwalimu, huyu mama ana deni lako la miezi minne. Wewe una deni lake la sufuria mbili na gauni la watu. Tuanze na lipi?"

Hatukuwa na jibu. Tulinunua sufuria, tukalipa kitambaa cha gauni na ujira wa kushona, tukamwita fundi arudishe mlango. Pengine mtu atasema: ungalipunguza tu gharama ile katika deni lake, mambo yakawa sawa. Tulifikiri hivyo pia. Lakini madeni hayo mawili si ya watu wale wale. Kodi ilikuwa ya mama yetu mkubwa. Sufuria zilikuwa deni letu sisi, kwa kitendo chetu. Kulipa kosa letu kwa feza ya mjane kungalikuwa kosa la pili juu ya la kwanza.

Kuhusu mlango, sheria yetu iko. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba yataka mapatano yaandikwe, na kwa nyumba ya kukaa yakataza garanti kupita miezi mitatu, ijapokuwa wenye nyumba wengi, hasa huko Kinshasa, wameendelea kudai zaidi. Ugomvi wapaswa kupita kwanza kwa watu wa Serikali washughulikao na makao, wajaribu kupatanisha, kisha ndipo uende kwa hakimu. Mpangaji hafukuzwi kwa mkono wa mwenye nyumba. Sisi hatukuwa na mapatano yaliyoandikwa, ila daftari. Na wala hatukuijua sheria ile siku ya kutoa mlango. Lakini twakiri kwamba hata tungaliijua, pengine tungalisema ni sheria ya mijini.

Basi tuiache sheria, tulitazame jambo lenyewe. Mlango ule ulikuwa wa nani? Mbao, bawaba na kitasa vilikuwa vya mama yetu mkubwa, hakuna ubishi. Tukiubeba mlango wake twabeba mali yake. Wizi uko wapi? Kwa siku nyingi tuliona kwamba hakuna, ila ukali tu. Lakini fikirini mpangaji anunua nini. Hanunui mbao. Hanunui hata chumba, maana siku ya kuondoka hakibebi. Anunua kulala pasipo kuonwa, kumwogesha mtoto pasipo macho ya watu, kuweka sufuria akazikuta kesho. Kwa kifupi, anunua kufunga. Mlango ni wa mwenye nyumba, lakini kufunga ni kwa yule alalaye ndani. Mwenye nyumba akiisha kupangisha, amekitoa kitu hicho mkononi mwake, na hawezi kukitwaa tena bila kumwondoa mtu kwa haki. Kumwacha mtu ndani na kumnyima kufunga ni kumwuzia mtu maji kisha kutoboa ndoo. Ndiyo maana twasema sasa kwamba ulikuwa wizi, ijapokuwa tulichobeba kilikuwa chetu.

Lakini msidhani kwamba, baada ya kurudisha mlango, shida yetu ilikwisha. Ndipo ilipoanza.

Ng'ambo ya barabara akaa mzee mmoja Mwislamu, mwenye nyumba kadhaa za kupangisha, mtu asifiwaye kwa upole. Mnajua kwamba katika mji wetu jirani wa dini hii na jirani wa dini ile hukopeshana chumvi tangu zamani. Tulikwenda kumwambia kwamba tumeamua kumsubiri mama yule, hata kama ni miezi sita. Alifurahi. Alisema mafundisho yao yataka mdaiwa mwenye dhiki angojwe hata apate nafasi, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Lakini mimi nikisubiri, nasubiri kwa njaa yangu. Wewe mwanangu, wasubiri kwa njaa ya nani?"

Tulirudi nyumbani tukafungua daftari. Kwa miezi minne tulikuwa tumepeleka Kindu kodi ya milango miwili tu kati ya minne, na mlango mmoja kati ya hiyo miwili ukilipa vipande vipande. Na tulimwambiaje mama yetu mkubwa? Tulimwambia kwa simu, "Wapangaji wana shida kidogo, Mama." Basi. Hatukumwambia ni nani, wala miezi mingapi. Tuliona haya. Tena, tuseme kweli, tulipenda kidogo kule kusifiwa. Mwalimu wa shule alikuwa akisema mbele ya watu kwamba sisi ni wenye nyumba wenye utu. Utu ule ulilipwa na mwanamke mzee asiyeona vizuri, ambaye hakuwapo na hakuulizwa.

Katika vitabu vya seminari tulifundishwa juu ya Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13. Yeye aliuliza swali karibu na letu: mtu aliye chini ya mamlaka ya mwingine aweza kutoa sadaka? Jibu lake ni kwamba asitoe ila kwa idhini ya mwenye mamlaka, isipokuwa katika shida ya mwisho kabisa, mtu akiwa karibu kufa. Hapo hata kutwaa cha mwingine si wizi. Zamani tulipokariri fundisho hilo tuliliona kavu. Sasa tuliliona lina meno. Je, mama mshonaji alikuwa karibu kufa? La. Alikuwa na shida kubwa, lakini watoto walikula sombe na ugali kila siku. Basi idhini ilipasa kuombwa. Na mwalimu, mwenye kiwanja, tusimtaje kabisa.

Kuna pia ule mfano wa Injili wa wakili aliyepunguza madeni ya bwana wake ili wadaiwa wampokee kwao siku atakapofukuzwa. Tumeufundisha mara nyingi, na kila mara watu huuliza kwa nini bwana alimsifu. Wasomi hubishana. Sisi twasema hili tu: yule wakili alijua anachofanya na kwa nini. Sisi tulikuwa tukifanya jambo lile lile, nasi tukiliita upendo.

Siku zile mmoja wa vijana wa pikipiki alisikia habari za mlango, akatuambia bila kuficha: "Mwalimu, wewe wajisumbua bure. Huyo mama wa Kindu anakula jasho letu. Nyumba ilijengwa zamani, imekwisha kulipwa, yeye anakaa tu." Tusimdharau. Kijana yule hajasoma sana, lakini watu wakubwa wamesema kama yeye. Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika nchi jirani ya Tanzania, lilitaka kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha watu, sawa na lilivyotaka asiwe na mishahara miwili. Mwaka 1971 Serikali ya nchi ile ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani kupita shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika nchi yetu, wakati wa Zaire, mwaka 1973 sheria ya ardhi ilisema udongo wote ni mali ya Serikali isiyouzwa, na watu wapewa haki ya kuutumia tu. Mwisho wa mwaka ule ule mali za wageni wengi zikapewa wananchi.

Twaheshimu fikira ile, maana ina haki ndani yake. Yuko mtu ajengaye milango hamsini asiyoijua hata kwa sura, akapandisha bei kila kunapokuwa na wakimbizi mjini. Huyo ala jasho la watu kweli. Lakini tuangalie lililofuata huko Tanzania. Majumba yalipotwaliwa, wapangaji hawakuacha kulipa kodi. Walilipa kwa Msajili. Na mabati hayakuacha kuoza kwa kuwa mwenyewe amekuwa Serikali. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti yale ya viongozi yakalegezwa. Aliyebadilika alikuwa mwenye kupokea. Swali letu la mlango wa nne lingalibaki pale pale: mtu mwenye funguo zisizo zake, na mama asiye na feza. Tena twakumbuka Tongoni, mahali pa Kasongo ya zamani, mji wa Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, ulioshikwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi wa Aprili 1893. Kulikuwa na nyumba nyingi pale, na wenye nyumba wakubwa. Leo jina lenyewe lasema mahame.

Tulimjibu kijana kwamba kodi si malipo ya matofali ya zamani tu. Ni bati la mwaka ujao pia, na choo alichochimbiwa mwaka jana. Alicheka, akasema choo chenyewe kinanuka. Hapo alikuwa na haki.

Basi siku moja jioni tulipiga simu Kindu, tukaeleza yote: mama mshonaji, mwalimu na kiwanja chake, mlango, sufuria. Tulisema polepole tukingoja kukaripiwa. Kwanza alinyamaza, hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Mlango ulikaa nje siku ngapi?" Tukajibu, usiku mmoja. Akasema, "Mimi hapa Kindu nimepanga chumba, hukujua?"

Hatukujua. Tulidhani yuko kwa wajukuu. Kumbe nyumba ya wajukuu ilikuwa ndogo, akapanga chumba jirani, na kodi ya chumba kile ilitoka Kasongo, katika daftari letu. Tulipopeleka nusu, naye alilipa nusu. Mwenye nyumba wake alikuwa amekuja mara tatu. Mara ya tatu hakubisha hodi.

Tulikaa na simu mkononi. Kumbe huruma yetu ilisafiri njia ndefu, kutoka Kasongo hata Kindu, na ilipofika huko ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine. Tulimsubiri mama mmoja, na mama mwingine akadaiwa kwa ajili yake, bila mmoja kumjua mwenzake. Yule kijana wa pikipiki alisema mama wa Kindu anakaa tu. Alikuwa akikaa, ndiyo, kwa mlango wa mtu.

Tuliomba radhi. Akasema, "Mwanangu, kosa si kusamehe. Ungaliniambia, ningalisamehe mimi. Umeninyima kusamehe, ukaninyima na feza." Hatujasikia neno kali kuliko hilo, na lilisemwa bila ukali. Maana tulikuwa tumejiuliza siku zote kama tulikuwa na haki ya kutoa feza yake, lakini hatukufikiri kwamba msamaha nao ulikuwa mali yake, nao tuliuchukua.

Kisha akatoa hukumu, upesi kama mtu anunuaye samaki. Mama mshonaji asamehewe miezi miwili. Miwili alipe kidogo kidogo, hata kama ni kwa mwaka. Mwalimu asisamehewe hata siku moja. "Anunuaye kiwanja asilale kwa macho yangu," alisema. Na sisi tupeleke hesabu kila mwezi, jina kwa jina, hata kama ni aibu.

Kwa mwalimu tulikwenda kesho yake. Safari hii tulisimama mlangoni. Alishangaa, akaanza Kifaransa, tukamjibu kwa Kiswahili. Alilipa katika juma mbili, na tangu siku ile hatuzungumzi naye habari za dunia. Twasikitika kidogo, maana alikuwa mwenzi mzuri wa mazungumzo.

Mama mshonaji alipopewa habari ya miezi miwili hakufurahi kama tulivyotazamia. Alikubali kwa kichwa. Alikuwa amekata shauri la kwenda Salamabila kumtafuta mumewe, kwa kuwa sasa hata salamu zilikuwa hazifiki. Watoto wawili angewaacha kwa dada yake, mchanga angekwenda naye. Asubuhi ya kuondoka alileta ufunguo, akaleta na cherehani juu ya kigari cha kusukuma. Akasema ni rehani ya miezi miwili iliyobaki.

Tulikataa. Twajua torati yakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kutwaa maisha ya mtu, na cherehani kwa mshonaji ni jiwe la kusagia. Tulimweleza hivyo. Alisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, nikiiacha kwa dada yangu, shemeji ataiuza. Nikiiacha kwako una daftari." Basi tukaipokea. Hata leo hatujui kama tuliipokea kama rehani ama kama amana, na katika daftari tumeandika maneno yote mawili.

Mlango wa nne sasa una mpangaji mwingine, na mara hii tuliandika mapatano, yenye sahihi na siku. Mama yetu mkubwa amelipa deni lake Kindu. Mwezi uliopita aliuliza habari ya cherehani. Hakusema iuzwe, aliuliza tu bei yake. Tukamwambia yapita deni. Akasema, basi ngoja.

Iko chumbani kwetu, imefunikwa kitambaa. Kila baada ya majuma mawili twaitia mafuta ili isishike kutu. Juma hili tumempata kijana wa pikipiki, yule yule wa mlango wa tatu, aendaye Salamabila na mzigo wa mafuta ya mawese. Tumempa barua, na jina la yule mama, na jina la shimo ambalo mume alisemekana kulichimba. Amesema atauliza.